Daftari la Kufungia Karanga

Nianze na ukweli ambao kwetu waliujua wote: nilikuwa msichana wa kujiona. Mtaa wetu wa Kariakoo, kuanzia kwenye mashine ya kusaga hadi upande wa Gerezani, wasichana wa sekondari tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa hapendi kutoka nje. Kwa hiyo ilikuwa kama niko peke yangu. Sketi yangu naipiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo isimame, halafu nakatiza mtaani polepole, makusudi, watu wanione. Mama alikuwa akisema, "Mwanangu, shingo hiyo ipunguze, utajikwaa." Nami nacheka. Nijikwae mimi?

Lakini mwaka ule wa kidato cha nne, nyuma ya shingo hiyo ndefu, nilikuwa naisha kwa wasiwasi. Siku hizi watu wana maneno mengi ya kueleza hali hiyo. Sisi tulikuwa na moja tu: mawazo. Huyu mtoto ana mawazo. Chakula kilikuwa hakipiti, kucha nimezitafuna mpaka zinauma. Shangazi alipokuja kututembelea kutoka Lindi alinitazama mara moja akasema nina pepo, nichezewe ngoma. Mama akamjibu, "Pepo gani, wifi? Ni vitabu hivyo."

Chanzo kilikuwa baba. Alikuwa fundi katika karakana ya reli, mtu wa maneno machache, na machache hayo hayarudi nyuma. Mwanzoni mwa mwaka alinikalisha kwenye mkeka akasema, "Ukipata nafasi ya kidato cha tano utasoma, hata kama nitavaa ovaroli hii moja mpaka ichanike. Usipopata, unakwenda kusini kwa baba yako mkubwa, kijijini, ukalime. Mjini hapa mtu hakai hivi hivi." Na kweli, miaka ile mjini mtu hakukaa hivi hivi. Vijana wasio na kazi walikuwa wakikusanywa na kurudishwa vijijini. Sikulidharau jembe, shamba la shule nililima na malengelenge nikayapata kama wenzangu. Ila nilitaka kuwa daktari. Nilitaka mpaka nikaogopa kusema kwa sauti.

Sasa, kusoma kwangu kulikuwaje? Nilimeza. Masomo yetu karibu yote yalikuwa kwa Kiingereza, na mimi nilimeza Kiingereza hicho ukurasa kwa ukurasa, na nukta zake. Kwenye mtihani wa majaribio wa Baiolojia tukaulizwa kuhusu figo. Kichwa kikakataa. Kilichokuja ni moyo, wote, bila kukosa neno, nami nikauandika kurasa tatu. Mwalimu wetu, mama mmoja mwembamba asiyecheka, alinirudishia karatasi mbele ya darasa akasema, "Umejibu vizuri sana swali ambalo sikuliuliza." Darasa likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Na dawa niliyoipata mimi, kwa akili zangu? Nikaongeza kumeza. Nakesha na kibatari, pua inajaa masizi, asubuhi nasinzia mstarini. Shule ilitupa alama za mitihani na pia alama za tabia na kazi, kwa hiyo kuchelewa na kusinzia viliandikwa vyote. Nilikuwa nakimbilia kijijini kwa miguu yangu mwenyewe.

Juu ya hayo kulikuwa na foleni. Ilikuwa miaka ya uhaba. Sukari, sabuni, unga, vyote vilitoka duka la ushirika, vikija. Nyumbani kwetu foleni ilikuwa kazi yangu, maana mama asubuhi yuko kwenye vitumbua vyake na baba karakana. Naamka saa kumi na moja, naenda kuweka kopo langu kwenye mstari, narudi kuoga, halafu nakwenda kulisimamia mpaka mama aje kunipokea niwahi shule. Kila mtu alikuwa na chake: jiwe, kopo, kikapu kilichotoboka. Na sheria ilikuwa moja: jiwe lako ni wewe. Ukiruka jiwe la mtu, wanawake wa pale watakuvua nguo mchana kweupe, kwa maneno tu, na hutazivaa tena mwaka huo.

Asubuhi moja niliamka nimechelewa, macho mazito. Kopo sikuliona. Nikatoka mbio na daftari langu la Baiolojia kwapani. Kufika, mawe yote ya karibu yameshachukuliwa, limebaki tofali nusu, na tofali tupu kila mtu angeweza kusema ni lake. Nikafikiri, nikaona nimepata. Nikaliweka daftari chini, tofali juu yake. Jina langu liko kwenye jalada, na kidato changu, na somo. Tena nitasema kweli, kilichonifurahisha zaidi ni kwamba watakaopita watasoma. Daftari la sekondari kwenye foleni ya sukari! Nani angethubutu kuligusa?

Niliporudi kutoka kuoga, tofali lilikuwepo. Nafasi yangu ilikuwepo, hakuna aliyeiruka. Daftari halikuwepo.

Nilipiga yowe. Miaka miwili ya Baiolojia, michoro yote kwa penseli nyekundu na ya bluu, na mtihani umebaki miezi miwili! Wanawake wa foleni wakaapa kila mmoja kwa dini yake kwamba hawakuona. Nao hawakusema uongo. Kila mtu pale alikuwa akilinda nafasi, na nafasi yangu waliilinda. "Ungeweka jiwe tu, mwanangu," mmoja akaniambia kwa huruma. "Karatasi nani ailinde?" Karatasi ilikuwa adimu kama sukari yenyewe. Nilijua, kila mtu alijua. Kiburi tu kilinisahaulisha.

Siku ya tatu nikaliona. Kwenye kona ya duka alikaa bibi mmoja muuza karanga, mtu wa kusini kama sisi, ungo mapajani, karanga amezifunga kwenye vikaratasi vilivyosokotwa. Juu ya ungo, kwenye kikaratasi kimoja, nikauona moyo. Moyo wangu, nyekundu kulia kwa bluu, nilioutia rangi Jumapili nzima.

"Bibi, huu moyo ni wangu!" nikapaza sauti. Foleni yote ikageuka.

Bibi akanitazama kuanzia viatu. "Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, sasa endelea kupiga kelele."

Watu wakacheka, mimi machozi yananitoka. Akanieleza kwamba karatasi aliuziwa na mpita njia, naye hajui a wala be, kwake karatasi ni karatasi. Vikaratasi vya daftari langu vilikuwa vimebaki vitatu. Vingine vilishaliwa mjini. Akazimwaga karanga kwenye ungo, akanikunjulia vile vikaratasi, vimelowa mafuta na chumvi. Kisha akauliza, "Yaliyokuwamo humu, unayo kichwani?"

"Ninayo," nikasema, shingo ikanyooka yenyewe.

"Niambie basi. Huu mchoro unafanya nini?"

Nikamwaga Kiingereza bila kuvuta pumzi. Alisubiri nimalize. "Hicho ni cha kwenye daftari," akasema. "Mimi nakuuliza wewe."

Nikaanza kwa Kiswahili. Damu inaingia. Halafu inatoka. "Inaingia wapi?" akauliza. "Inatoka wapi?" Jamani, sikujua! Nilikuwa nimeyameza yale maneno miaka miwili na sikujua yanasema nini. Bibi akatikisa kichwa akarudi kwenye karanga zake. "Kumbe hata wewe," akasema, "daftari ulikuwa unafungia karanga tu."

Loo, hasira niliyoipata! Nilitaka kuupiga teke ule ungo. Nilikwenda shule nikiongea peke yangu njiani. Mchana, kengele ilipolia, badala ya kurudi nyumbani kulala na wasiwasi wangu, niliingia maktaba ya shule nikachukua kitabu, nikausoma moyo kwa ajili ya yule bibi. Kwa ajili ya kumkomesha, nisiseme uongo. Kila sentensi naitoa kwenye Kiingereza, naigeuza, najiuliza: hapa ataniuliza nini?

Kesho yake nikaweka jiwe langu, jiwe la haki, nikaenda kuchuchumaa kando yake. "Shikamoo, bibi. Moyo una vyumba vinne."

"Marahaba. Nyumba yetu ina sita. Nani anakaa wapi?"

Nikamweleza. Damu iliyochoka inaingia mlango huu, inasukumwa kwenda kwenye mapafu kupata hewa, inarudi vyumba vya upande wa pili, inatoka kwa nguvu kwenda mwilini. Milango inafunguka upande mmoja tu. "Kwa nini isirudi ilikotoka?" akauliza. Nikajua. Nikajibu! Akanipa karanga kiganja kimoja. "Kesho lete kingine," akasema.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi mada moja, kabla mama hajaja kunipokea. Figo, ini, jinsi jani la kijani linavyojipikia chakula kwa jua. Wanawake wa foleni wakaanza kusogeza vikapu vyao karibu. "Leo tunasoma nini?" wananiuliza, na mwingine anagomba, "Usianze, nimepitwa jana." Tena maswali yao hayakuwa ya mchezo. Mama mmoja aliyewahi kupoteza mtoto kwa malaria aliniuliza juu ya mbu maswali ambayo mwalimu hajawahi kuyauliza, na siku hiyo nilisoma mpaka maktaba ikafungwa.

Sikupanga ratiba. Ratiba ilinijia kwa sababu ya yule bibi. Ili niwe na cha kumweleza, lazima nisome mchana, saa tisa hadi saa kumi na moja. Ili nisome mchana, maji nichote mapema. Ili niamke na akili, nilale saa tatu, maana nikija na usingizi ananiona: "Leo umeleta mwili peke yake." Kuna siku nilitega. Sikusoma, nikaja kubabaisha habari za wengu, yaani bandama. Akauliza swali la kwanza, nikabuni. La pili, nikabuni. "Mjukuu wangu," akasema, "mimi sijui kusoma, lakini uongo naujua." Akanifukuza mbele ya watu. Sikutega tena.

Karatasi za kuandikia upya ndizo hazikuwepo, mpaka akatokea mama mmoja wa Kihindi aliyekaa ghorofani juu ya duka la vitambaa. Alikuwa anapanga foleni kimya, sikujua kama anasikiliza. Siku moja akashuka na furushi la kalenda za zamani, kubwa, nyuma nyeupe kabisa. "Chukua, beti," akaniambia, kama kusema binti yangu. "Miaka imeisha, karatasi haijaisha." Mbele kulikuwa na picha za miungu yao, wamevaa dhahabu na maua. Nikaandika figo nyuma ya yule mwenye kichwa cha tembo, nikazibandika zote chumbani. Baba, mtu wa swala tano, alisimama mlangoni akaziangalia kwa muda mrefu. Nikadhani leo kumekucha. Akasogea, akainyoosha moja iliyokaa upande, akahakikisha maandishi yako mbele, akaondoka zake. Hakuna zawadi aliyowahi kunipa iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Kucha ziliota. Sijui lini, mama ndiye aliyeona, siku alipokuwa ananihesabia vitumbua nilivyokula. Saba! Akasema heri nilipokuwa na mawazo, biashara ilikuwa inakwenda.

Siku ya mtihani, nisiseme nilikuwa simba. Mikono ilitoa jasho mpaka karatasi ikalowa. Nikasoma swali mara mbili, nikajiuliza kwa Kiswahili, polepole, kama ningeulizwa pale kwenye kona: huyu anataka kujua nini hasa? Kisha nikajibu hicho alichokitaka, hicho tu. Nilipotoka nje niliona njaa, njaa nzuri kabisa.

Matokeo yalipokuja, jina langu lilikuwemo kwenye orodha ya kidato cha tano, mchepuo wa sayansi. Mwalimu mwembamba asiyecheka alinishika mkono. Karakana haikuwa mbali, na mama alikuwa nyumbani kwenye vitumbua vyake, na mtoto mwenye adabu angeanzia kwa wazazi. Miguu yangu ilinipeleka kwenye duka la ushirika. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo, sabuni ilikuwa imekuja. Nikampigia bibi magoti pale chini kwenye vumbi na sketi yangu ya pasi. "Bibi, nimefaulu. Naendelea."

Sikutegemea vigelegele kutoka kwake, na hakupiga. Alinitazama, midomo ikimcheza. Kisha akaugeukia ule mstari wote, wanaomjua na wasiomjua, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Mnamwona huyu? Nimemsomesha mimi."

Mtu mmoja wa mtaani, mgeni kwa masomo yetu, akacheka. "Wewe bibi, wewe usiyejua a?"

Damu ikanipanda. Mimi ambaye sikuwahi kumwachia mtu sifa yangu hata chembe, nikasimama, nikaivuta ile shingo yangu mpaka mwisho wake, nikamjibu yule mtu watu wote wasikie: "Ndiyo. Ni yeye."