Lammert na Njia ya Maiti Nyikani

Kule Drenthe, mkoa wa Uholanzi, jirani huingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha. Mlango wa mbele hufunguliwa kwa bibi harusi na kwa jeneza tu. Kwa hiyo Hilligje alipomsikia jirani yake Berend akigonga mbele, alijua kabla ya kuambiwa. Mdogo wake Lammert alikutwa amekufa nyikani kando ya baiskeli yake, mche wa msonobari alioung'oa ungali mkononi.

Lammert hakuwa mtu wa kutulia. Alipoacha kuchunga kondoo wa kijiji alianza kutengeneza njia ya baiskeli, akaipitisha palepale ilipopita mikokoteni ya maiti zamani, kutoka vitongojini hadi kanisani. Wageni wakisifu maua ya nyikani yenye rangi ya zambarau, aliwaeleza kuwa yametokana na taabu: mababu walimenya ardhi, wakatandika zizini yale mabonge ya udongo na mizizi, kisha wakayamwaga mashambani pamoja na samadi, hata nyuma ukabaki mchanga mtupu na vichaka vifupi. Kondoo wakiondoka, msitu hurudi, ndiyo maana aling'oa kila mche aliouona.

"Mungu aliumba msitu," alikuwa akimchokoza dada yake, "nyika tumemwongezea sisi."

Hilligje alimkemea kwa kufuru, kisha akamkatia mkate wa zabibu.

Sasa Hilligje hakuweza kukaa. Alipanga vikombe, akavipangua, akafungua Biblia na kuifunga. Berend, ambaye kwa kuwa jirani wa nyumba ya karibu zaidi ndiye, kwa desturi ya huko, msimamizi wa maziko, alimweleza kuwa Lammert aliomba apitishwe njia ile. Gari haliruhusiwi huko, lakini mjini ipo baiskeli ya kubebea jeneza.

"Mdogo wangu si gunia la viazi, Berend."

"Gunia lingekaa kimya, dada. Huyu alinisumbua kwa ombi hilo kila Jumapili."

Hilligje hakucheka. Alivaa koti akaenda nyikani peke yake, akitembea huku akiomba, akigeuka nyuma kana kwamba anaitwa. Kando ya njia, alama za magurudumu ya kale zilikuwa bado zinaonekana chini ya vichaka. Jeneza la mama yao lilipita hapo juu ya mkokoteni wa farasi, na yeye alifuata nyuma amemshika Lammert mkono, mtoto aliyekuwa akitaka kukimbia mbele. Aliomba moyo utulie. Haukutulia, lakini alirudi na jibu.

"Uendeshe polepole," alimwambia Berend. "Na usithubutu kupiga kengele."

Siku ya maziko kulikuwa na manyunyu. Berend aliendesha, majirani wakafuata kwa miguu wakikokota baiskeli zao, Hilligje akiwa nyuma tu ya jeneza. Makaburini walilibeba mabegani, wakayazunguka makaburi mara tatu kama ilivyo desturi. Mchungaji alisoma zaburi ya macho kuinuliwa milimani, ingawa kule hakuna milima. Wakaliteremsha. Hilligje alitupa konzi ya mchanga, akasema, "Nenda na Bwana, Lammert." Waliimba ubeti mmoja, wakaenda kunywa kahawa.