Kofi Nililompiga Farasi Leo

Jamani, leo nimempiga kofi farasi asiye na kosa.
Mimi, saisi wake, ninayemtunza kila siku!

Asubuhi hapa Diani nilikuwa nikimpiga brashi. Kila nikifika tumboni, analaza masikio. Nilipokaza mkanda wa tandiko, akaniuma mkono.

Memsabu, mgeni wa Kizungu, anasubiri kupanda. Nikamzaba farasi kofi. "Una jeuri wee!"

Mke wangu Mwanasha, aliyeniletea chai, akasema, "Pengine anaumwa, baba Saumu. Hebu mtazame."

Nikaufungua mkanda. Mchanga wa ufuoni wa jana umegandia ndani, na ngozi ya farasi imechubuka. Kuuosha mkanda ni kazi yangu.

Nikamwambia memsabu ukweli, kwamba leo farasi hapandiki.

Kisha nikainua mkono nimpapase. Akafumba macho, akingoja kofi jingine.

Wenzangu wenye punda, mnyama huchukua muda gani kumsamehe mtu?