Fungua Kifuniko Kabla Hujaibeba

Siku niliyounguza spika za Mzee Nasoro wa Mbweni naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Nakueleza kwa sababu nasikia unataka amplifaya ya pembeni ya kusukuma spika zako za hom thieta, na umeshaanza kunitajia wati zilizoandikwa kwenye boksi. Kaa kwanza.

Nilikuwa kijana, najifunza ufundi wa redio Manzese kwa Fundi Mwanaidi, mama mkali aliyerithi meza ya marehemu mumewe na kumzidi kwa kazi. Mzee Nasoro alikuwa mteja wetu. Alikuwa amepofuka, lakini kila jioni aliketi na wajukuu kutazama filamu, yeye akitazama kwa masikio. Spika tano zilimzunguka, akajua nani kaingia kutoka kushoto na gari gani linakuja nyuma. Ndiyo saa pekee aliyojiona yumo pamoja nao. Sasa risiva yake, mashine ya kugawa sauti kwa spika, ilikuwa imechoka, haiwezi tena kuzisukuma spika kubwa zile, akanituma nimtafutie amplifaya ya kazi hiyo tu.

Fundi Mwanaidi alinionya. "Amplifaya ya maana ina transfoma kubwa, kwa hiyo itakuwa nzito. Ila usiibebe mpaka umefungua kifuniko ukaona mwenyewe."

Nikaenda duka moja Temeke. Muuzaji alikuwa mtu mzima, kanzu safi, sauti ya upole. Nikamwamkia, akaniita mwanangu, akanimiminia kahawa. Nikaiinua amplifaya, nikaona ni nzito kweli. Nilitaka kumwambia afungue, nikaona haya. Mzee wa watu kanikirimu, halafu nimwoneshe kwamba namshuku? Nikaondoka nayo nikijiona nina adabu.

Ijumaa baada ya alasiri nikaifunga Mbweni. Ikapiga vizuri kama nusu saa, kisha ikanguruma mara moja, moshi ukatoka, spika mbili za mbele zikanyamaza. Wajukuu walikimbia. Mzee Nasoro alibaki kitini, anageuza uso huku na huku.

"Mbona hawasemi?" akauliza. "Wamekwenda wapi?"

Nikachomoa waya wa umeme, nikaibeba mashine kuirudisha Manzese.

Fundi Mwanaidi alipoifungua, tulikuta transfoma ndogo kama ngumi ya mtoto, na pembeni yake tofali la zege limekazwa kwa skrubu ili mashine iwe nzito. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Umebeba zege toka Temeke mpaka Mbweni," akasema. "Shikamoo ungempa, kahawa yake ungekunywa, na kifuniko ungefungua. Adabu gani hiyo, unamstahi muuzaji halafu unamwacha kipofu peke yake?"

Maneno yale yalinichoma, lakini yalinipa ukaidi mzuri. Nikaapa nitazirudisha spika zile zisikike. Kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine, nilisokota upya koili, zile nyuzi za shaba za ndani ya spika, zilizoungua. Nikakosea, nikaanza tena. Nikakosea tena. Zilipokubali, nikaenda kwa muuzaji mwingine, nikaamkia, nikatoa bisibisi. Akanuna. Nikamwacha anune. Nilitazama transfoma, nikaunganisha spika nzito palepale dukani, nikaiacha ipige kwa nguvu saa mbili nzima huku naipapasa isije ikachemka.

Nikainunua, nikaifunga Mbweni, Mzee Nasoro akaketi na wajukuu, filamu ikaanza. Mara akanyoosha kidole upande wa kulia. "Huyo kaingia kwa mlango wa huku. Nyie mmemwona?"

Wajukuu wakacheka, wakamwambia ndiyo, babu. Nikatoka nje nikalia, wala sioni haya kukuambia.

Basi sikiliza, mwanangu. Wati za kwenye boksi zinaandikwa na anayetaka kuuza, achana nazo. Uzito nao usikutoshe. Fungua uone, uliza kama inaendana na spika zako, ipigishe muda mrefu kabla ya kulipa, na hakikisha vipuri vyake vinapatikana kwa mafundi wetu. Akinuna mtu, muombe radhi kwa heshima, halafu endelea kufungua. Usimwonee haya muuzaji ukamsahau anayekusubiri nyumbani. Mungu akupe moyo wa kuuliza mbele ya wakubwa, na kila utakayemfungia muziki amsikie anayempenda.