Kidole Kimoja Kila Upande

Kagari kenyewe ukikaona utacheka. Kafupi, kana macho makubwa, na nyuma kamekatwa wima, utadhani aliyekachora aliishiwa karatasi. Mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu pamoja na kioo chake, mizigo yote ikabaki hadharani. Mafundi wa barabara ile hawakungoja kuambiwa jina la kiwandani. Siku ya kwanza tu walikaita Kisigino, na jina likakwama hapo.

Mwaka huo magari madogo ya namna hiyo yalikuwa ya aina nne sokoni, yakiwania wateja walewale: walimu, manesi na maharusi wapya. Meneja wa duka lililoleta Kisigino akabuni kivutio. Kila mnunuzi atapewa bure kava za viti za ngozi bandia, zilizoshonwa kwa kipimo cha gari lenyewe. Siku ya uzinduzi karakana mbili zitaleta mfano, na itakayopendeza ndiyo itakayopata kazi ya mwaka mzima. Habari hiyo ilimpandisha mori Mama Uzi, kwa sababu karakana ya pili aliijua kuliko alivyojua kiganja chake.

Mama Uzi alikuwa na miaka kumi na tisa katika ushonaji wa viti vya magari. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, cherehani mbili nzito, meza ndefu ya kukatia, na ukutani misumari iliyotundikwa karatasi za kaki, kila moja ina umbo la kiti cha gari fulani. Mali yake hasa ilikuwa karatasi hizo. Ngozi hununuliwa na cherehani hukodishwa, lakini umbo la kiti hulipati mpaka upige magoti ndani ya gari, ubonyeze kila kona kwa kidole gumba, uchore, ukosee, ufute, uchore tena.

Mwanamume aliyemuoa hakujua hata kutunga uzi kwenye sindano. Mama Uzi ndiye aliyemfundisha kila kitu. Naye siku alipoondoka kwenda kuoa kwingine, nguo zake aliziacha, akaondoka na karatasi kumi na nne. Akafungua karakana ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango, akatundika kibao: BINGWA WA VITI. Tangu hapo mkewe wa zamani hakumtaja kwa jina jingine.

Aliyebaki ni mama mkwe. Mwanawe alipoondoka, bibi huyu aliendelea kuja karakana kila Ijumaa na mkoba wake mkubwa, na Jumatatu asubuhi alipita kusalimia. "Talaka ni yenu ninyi wawili," alisema. "Mimi sijaandikiwa." Alikaa kwenye benchi, akanywa chai ya sukari vijiko vitatu, akaukosoa mshono wa kila kitu kilichokuwa mezani. Mama Uzi alimzika mama yake angali msichana. Huyu alimwita mama, na aliposema mama alimaanisha.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Kila alipochora umbo jipya, wiki haikupita kabla Bingwa hajalishona. Jumatatu moja alishusha karatasi msumarini akaikuta na alama za kukunjwa mara nne. Yeye karatasi zake huziviringisha, hazikunji. Anayekunja mara nne ni Bingwa tu, na hata mashati alikunja vivyo hivyo. Na karatasi ile Alhamisi ilikuwa haina mkunjo, na aliyeingia Ijumaa na mkoba alijulikana.

Alilia mchana kweupe, kipande cha sponji kikimziba mdomo ili wapita njia wasisikie. Alipomaliza hakumwambia bibi neno. Ijumaa iliyofuata alimtilia sukari vijiko vitatu kama kawaida. Hasira yake yote aliielekeza ng'ambo ya barabara, kwa aliyemtuma, na huko akaiweka akiba. Alitaka Bingwa aaibike mbele ya watu. Kupata ile kazi tu, Bingwa akaponyoka, kusingemtosha.

Duka lilimpa kila fundi nusu siku ya kukaa na Kisigino. Bingwa aligonga paa mara mbili, akapigwa picha ameegemea mlango, akaenda zake. Wanasema mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini huyu alikuwa ananenepa. Mama Uzi alitumia nusu siku yake yote akiwa amepiga magoti.

Kisha akachora mara mbili. Umbo la kweli alilificha chini ya gunia la sponji. La pili ndilo lililokuwa na kazi. Tangu zamani karatasi zake zilikuwa na kipimo cha kiti chenyewe tu. Nafasi ya mshono, kidole kimoja kila upande, aliiongeza mwenyewe wakati wa kukata ngozi. Bingwa alilijua hilo, kwa kuwa alifundishwa hivyo. Safari hii Mama Uzi akakitia kidole kile ndani ya karatasi kabisa. Mwizi ataongeza chake juu yake. Kipande kimoja ukikitazama huoni kitu, ila kava moja ina vipande tisa.

Alhamisi aliitundika. Ijumaa bibi alipokwisha kunywa chai, Mama Uzi alisimama. "Mama, nafuata uzi dukani. Nisubiri kidogo." Alikwenda polepole, akahesabu hatua, akapiga soga na muuza uzi ambaye hata hampendi. Aliporudi bibi alikuwa ameshaondoka na msumari ulikuwa mtupu. Jumatatu bibi alipopita kusalimia karatasi ilirudi msumarini, imekunjwa mara nne, na Mama Uzi akaipangusa kama mgeni aliyetoka safari.

Siku ya uzinduzi Visigino viwili vilipangwa mbele ya duka, kimoja kimevaa kava za Bingwa, kingine za Mama Uzi. Meneja alianzia kwa Bingwa. Akaketi, akateleza. Ngozi ikajikusanya mapajani kama suruali ya kurithi.

"Fundi," meneja akasema, "kiti kimekonda, au ulipima kiti cha jirani?"

Watu wakaangua kicheko. Bingwa akaingia mwili mzima ndani ya gari, akavuta huku, akachomeka kule, makalio yake yakiwatazama wateja. "Itakaa tu, bosi. Ngozi mpya hiyo, haijazoea."

"Na mpaka izoee mimi nitakuwa nakaa wapi?"

Kwenye gari la pili meneja aliketi, akapitisha kiganja pembeni, asikute mkunjo hata mmoja. Kazi ikawa ya Mama Uzi. Alimsubiri Bingwa atoke, akamsogelea.

"Kidole kimoja kila upande," alimwambia. "Si nilikufundisha mwenyewe?"

Bingwa akamwelewa, uso ukamshuka. Alikwisha kukata seti thelathini, kwa jinsi alivyojiamini. "Umefanya makusudi!"

"Nimefanya nini? Karatasi yangu ilikuwa kwenye msumari wangu."

Roho ya Mama Uzi ilisuuzika. Alirudi karakana akiimba, na hakujuta hata chembe.

Ijumaa bibi alikuja, akasimama mlangoni.

"Karibu, mama, kaa."

"Sikai. Ile karatasi, mwanangu, niliijua."

"Karatasi gani?"

"Usinifanye mtoto. Nimeshona sare za shule miaka thelathini. Niliikunjua njiani, nikapitisha kidole, nikaona mshono umo ndani. Nikampelekea, na sikumwambia."

Mama Uzi akaruka kwa furaha. "Kumbe ulikuwa upande wangu!"

"Upande wako?" bibi akauliza. "Yule nimemzaa mwenyewe, akanituma kuiba na mvi zangu hizi. Nikasema mwache aumbuke. Ila na wewe ulijua mwizi ni mimi. Ungenikemea, mwanangu. Ungeniambia, mama, acha. Badala yake ulitoka kununua uzi, ili nipate nafasi ya kuiba. Yeye alinituma kuja, wewe ukanituma kurudi."

"Mama, mimi hasira zangu hazikuwa kwako."

"Najua. Nilikuwa mkoba tu." Akauweka sawa begani. "Ijumaa msiningoje. Si wewe, si yeye."

Akatoka. Mama Uzi alimfuata hadi mlangoni, birika mkononi. Ng'ambo ya barabara Bingwa alikuwa ameketi kizingitini na wembe, akifumua kava moja baada ya nyingine, huku mafundi wenzake wakimtania. Ndicho Mama Uzi alichokiomba miaka yote. Alikitazama mara moja tu, kisha akarudisha macho barabarani, kwa bibi aliyekuwa akitembea taratibu bila kugeukia mlango wowote, mpaka alipokata kona.