Mahindi Yaliyotiwa Dawa

Nyumbani kwetu Rongai neno dawa lilifanya kazi nyingi mno. Ya kikohozi ilikuwa dawa, ya kupe dawa, na ule unga wa kuua wadudu wa mahindi nao ulikuwa dawa. Basi mama yangu aliamini kwamba chochote kilichotiwa dawa kimepona.

Mwisho wa mwaka 2007 mvua ilitukuta tukivuna. Tulipukuchua mahindi yakiwa bado na unyevu, mama akayatia dawa kwa mkono mzito, tukashona magunia. Mapema mwaka uliofuata fujo za baada ya uchaguzi zilifunga barabara na madukani hakukuwa na unga, kwa hiyo tukafungua gunia la kwanza. Mdudu hakuwemo hata mmoja. Kulikuwa na ukungu wa kijani, na harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Na dada yangu alikuwa na mtoto mchanga aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza uji.

"Iko na dawa," mama alisema. "Twende tusage."

Mwenye mashine ya kusaga alikuwa Muhindi mzaliwa wa hapo hapo Rongai, mtu asiyejua kubembeleza. Alichota mahindi, akanusa, akayarudisha.

"Mathe, hii sisagi."

"Ni ya uji wa mtoto, boss. Na nimeiweka dawa."

"Hiyo dawa ni ya wadudu. Ukungu haisikii hiyo. Na sumu ya ukungu haitoki hata ukichemsha mpaka jioni."

Mama alinuna. Mimi nilinuna zaidi, maana gunia lilikuwa begani mwangu. Yule bwana aliingia nyumbani kwake akatoka na mfuko wa unga, akasema ni wa mtoto. Mama aliupokea. Mahindi yetu tuliyafukia shimoni, kuku wakitutazama kama wezi.

Namshukuru mtu yule mpaka leo, tena sana. Mtoto mwenyewe sasa ananipita kimo, na ugali anaula kama fundi wa mawe.

Msimu uliofuata mama aliyaanika mahindi mpaka yakawa yanalia mkononi. Kabla ya kuyatia dawa alijaza debe moja, akalipeleka kwenye mashine. Yule bwana aliuma punje, ikapasuka kwa sauti.

"Mathe, hii uliiweka dawa gani?"

"Jua," mama alisema. "Hizi si za kusaga. Ni zako. Mtoto anatembea."