Mzigo wa Kutoka Kilindini

Juzi nilikuwa Eastleigh kukata tiketi ya basi la Mombasa, na masikio yangu, mnayajua, hayana adabu. Vijana wawili mbele yangu walikuwa wakipanga kuitembelea historia ya Mombasa: Fort Jesus, Mji wa Kale, mizinga ya Wareno. Kwenye kaunta alisimama abiria, mama mmoja wa upande wa Busia.

"Uko na mzigo, mama?" karani akamuuliza.

"Kwenda sina. Kurudi nitakuja na baba."

"Basi mkatie tiketi pia."

"Alikufa nikiwa mdogo. Alikuwa kuli bandarini Kilindini, wakamzika hukohuko. Nachukua udongo wa kaburi tukauzike nyumbani, alale na watu wake. Basi lile lingine wamenikataa, eti hawabebi kaburi."

Mimi nikawaza, ngome ile ya Fort Jesus ina kibao cha kusema nani aliijenga. Waliopakua meli mpaka migongo ikapinda huuliziwa na watoto wao tu.

Karani alimwandikia tiketi taratibu.

"Siku ya kurudi, mama, usimweke kwa buti la mizigo. Mpakate."