Kaka Mtu Ukurasa wa Kwanza

Mwaka ule wa njaa nilipeleka tangazo la harambee ya kanisa kwenye gazeti la familia moja pale Mwingi. Baba alilianzisha; bintiye sasa ndiye mhariri. Kaka yake, mwenye duka, akaingia akitweta.

“Mnaandika kwamba nimeficha mahindi ya msaada? Hili si gazeti letu?”

“Ni letu,” dada akajibu, akifuta wino vidoleni. “Mahindi ndiyo si yetu.”

Kaka akamgeukia baba yao, aliyekuwa akikunja magazeti.

“Mwanangu, mhariri ameshasema.”

Habari ilitoka Ijumaa. Jumamosi mahindi yaligawiwa, kaka mtu mwenyewe akibeba magunia. Wiki iliyofuata dada akaliandika hilo pia, kwa herufi zilezile kubwa.

Mimi nina mashemeji watatu wanaostahili kuandikwa, na bado sijathubutu.